Breki ya mbele usiiogope

Mdogo wangu, unasema una wiki mbili na pikipiki, unataka kwenda nayo kazini kutoka Mbezi hadi Kariakoo, na umeambiwa usiguse breki ya mbele kwani itakurusha. Ushauri huo ndio unaonitia hofu. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linalokusimamisha zaidi. La nyuma likibanwa peke yake linaserereka. Jumapili asubuhi tafuta uwanja mtupu. Kaza zote mbili, ya mbele taratibu kama unaminya embe bivu, kisha ongeza nguvu. Rudia mpaka mkono uzoee. Penye mchanga au kona, punguza mwendo kabla hujafika.

Mimi nilianguka mwezi wangu wa pili wa kuendesha, kando ya lami, kwa kukanyaga ya nyuma tu. Kofia ilichubuka upande wote wa sikio, lakini mkanda nilikuwa nimeufunga. Tafiti zinaonyesha kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Ifunge hata ukienda dukani.

Kwenye makutano, gari linalokunja kulia mbele yako lichukulie kwamba halijakuona. Na Barabara ya Morogoro, hiyo ya kukupeleka kazini, iache kwanza, mwezi mzima.