Jibu: Ekzosi mpya inalia kama kopo na kupiga risasi

Habari, ndugu. Umesema umefunga ekzosi fupi kwenye pikipiki yako ya Boxer 150, sasa inalia kama kopo, na ukiachia mafuta kwenye mteremko wa Waiyaki Way inapiga risasi. Usiitupe bado.

Anza na gaskiti, ile pete ya kuzuia kuvuja, pale bomba linapoingia kwenye injini. Yangu ilikuwa kuukuu, fundi akairudisha hivyohivyo. Injini ikiwa baridi, washa, kisha ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kikavu, sekunde chache tu. Ukisikia "fsss" kule mbele, panavuja. Hewa ikiingia hapo hukutana na petroli isiyoungua, ikalipuka ndani ya bomba. Weka gaskiti mpya, kaza nati zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, basi.

Kama haivuji, toa plagi ya kuwasha moto kwenye injini, utazame ncha yake. Ni nyeupe? Petroli haitoshi. Skrubu ya mchanganyiko kwenye kabureta (pale petroli inapochanganywa na hewa), ikiwa iko upande wa injini, ifungue robo mzunguko, jaribu barabarani, rudia. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitafuta.

Mlio wa kopo ni jambo jingine: ile pamba ya nyuzi za kioo ndani haipo, au imeungua. Ijaze upya, ishikane lakini usiishindilie. Na kile kipande cha kupunguza sauti pale mdomoni mwa bomba kirudishe, hata wenzako wa stejini wakikucheka. Mimi nilikitoa wiki moja. Majirani wa ploti walinikalia kooni kabla NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, haijanifikia na kanuni zake za kelele za 2009.