Swala kaingia bungeni

SWALI: Naandaa somo la historia kuhusu Waingereza walivyobishana juu ya Uturuki ya Osmani ilipokuwa ikidhoofika, karne ya 19. Niiite "dola" au "himaya"? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Swala la Mashariki liliwagombanisha Disraeli na Gladstone." – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Andika "dola". Waosmani wenyewe waliiita nchi yao devlet, na neno hilo ni ndugu wa dola yetu. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, dawla. Himaya asili yake ni ulinzi. Zanzibar ilipotiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890 haikupewa dola, ilinyang'anywa. Wanafunzi wakicheka kwamba dola ni pesa, waambie pesa ndiyo hasa iliyokosekana: mwaka 1875 Dola ya Osmani ilitangaza kwamba haiwezi kulipa riba yote ya madeni yake.

Hilo limekwisha. Sasa tuzungumze kuhusu huyo swala wako.

Mwalimu, wewe uko Morogoro! Panda basi la Iringa, ukifika Mikumi chungulia dirishani: swala ndio wale. Tena ni swala *wa*, si swala *la*. Ukisema "swala la" umeshamkuza kawa jinyama. Na kama ulikusudia ibada, hiyo ni swala *ya* Ijumaa.

Hebu tazama ulichokifanya. Mwaka 1876, Wabulgaria wamechinjwa na askari wa mgambo wa Kituruki. Disraeli, waziri mkuu, anataka Uturuki ibaki imesimama hata kwa magongo, Urusi isije ikateremka hadi Istanbul na kuitishia njia ya Waingereza ya kwenda India, koloni lao; habari za mauaji anaziita porojo za mkahawani. Gladstone, waziri mkuu wa zamani aliye nje ya madaraka, anatoa kijitabu Septemba akitaka Waturuki wafungashe virago watoke Bulgaria. Wazee wawili wanachukiana kufa, nchi nzima imegawanyika, na katikati yao, kwa kalamu yako, kasimama swala anatafuna karatasi za bunge. Mwaka 1878 mataifa makubwa yanakutana Berlin chini ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, na swala naye yumo, kwato juu ya zulia. Uingereza ikaondoka na Saiprasi. Swala sijui aliondoka na nini.

Najua utanijibu nini: mbona "swali" lina *w*, na limetoka kwenye su'al ileile ya Kiarabu iliyotupa suala? Kweli. Na ulimi wa Mswahili una tabia ya kugeuza *u* kuwa *w* mbele ya irabu. Ndivyo tulivyompata mwalimu. Lakini "swali" halikumkuta mnyama kakalia kiti. "Swala" lilikuwa na mwenyewe, mwenye pembe, kabla hatujaanza vikao.

Basi: Suala la Mashariki, wingi masuala. Mdomoni ukiteleza sitakushtaki, maana nimeshachoka kushtaki. Hapa mezani nina barua inayoniita kikaoni kujadili "maswala nyeti". Na kweli ni nyeti. Unyasi ukitikisika tu, hao wameshatimka.