Maswali ya Wasomaji: Vihisi na Bili ya Umeme

Swali: Nasimamia jengo la ofisi la orofa nne mtaani Milimani, Kisumu. Kampuni moja imetuletea pendekezo la kuweka vihisi vilivyounganishwa na mtandao katika kila chumba, vya mwendo, joto, unyevu na mwanga, ikidai kwamba bili ya umeme itashuka mara moja. Mwenye jengo anataka kujua kama fedha zake zitarudi. Nimjibu nini?
*Msimamizi wa jengo, Kisumu*

Jibu: Ndugu Msimamizi, mweleze kwamba kihisi, au sensa kama mafundi wanavyokiita, hakiokoi hata yuniti moja ya umeme, kinachookoa ni kuzimwa kwa kifaa ambacho kihisi kimeonyesha kuwa kinafanya kazi bure. Kwa hiyo, kabla ya kununua vya kila chumba, anza na vihisi vya kupima mkondo wa umeme, vile vinavyobanwa juu ya nyaya ndani ya swichibodi bila kuzikata. Mruhusu fundi aliyesajiliwa avifunge, kimoja kwa kila orofa na vingine kwa viyoyozi, pampu na lifti, kisha viache vikusanye takwimu kwa mwezi mmoja. Tazama hasa saa nane za usiku, wakati jengo halina mtu isipokuwa bawabu: umeme unaotumika saa hiyo, ukiondoa taa za usalama, seva na friji, ndio upotevu ulio rahisi zaidi kuuzuia.

Kwa joto la Kisumu, sitashangaa mkosaji akiwa kiyoyozi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hutumia takriban kilowati moja, yaani yuniti moja kwa saa, kompresa yake inapofanya kazi. Kikisahauliwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, hata tukikadiria kwamba kompresa hupumzika nusu ya saa hizo 15, kitakuwa kimetumia yuniti 7.5, ilhali taa kumi za LED za wati 18 zilizoachwa zikiwaka muda huohuo zitatumia yuniti 2.7. Wauzaji hupenda kuanza na taa kwa sababu huonekana. Hesabu haiwaungi mkono.

Kuna jambo jingine la Kisumu. Alasiri, upepo wa ziwa unapoanza kuvuma, watu hufungua madirisha na kuacha kiyoyozi kikiendelea, kana kwamba wanakusudia kuipoza barabara. Kihisi kidogo cha sumaku dirishani, kinachokiamuru kiyoyozi kizimike dirisha likikaa wazi dakika chache, ni cha bei nafuu na kinafaa kutangulia vingine vyote vya vyumbani. Ongeza ratiba ya kuzima viyoyozi jioni na kikomo cha nyuzi 24, ili mtu asiteremshe joto hadi nyuzi 18 kisha akavaa sweta.

Vihisi vya mwendo viwekwe vyooni, ngazini, stoo na katika vyumba vya mikutano. Aina ya kawaida hutambua joto la mwili unaosogea, hivyo mhasibu aliyetulia mbele ya vitabu vyake huhesabiwa kuwa hayupo, taa humzimikia, na kabla ya wiki kuisha atakuwa amekibandika kihisi karatasi. Ofisini acha muda wa dakika 15 au 20 kabla ya taa kuzimika, na uwaeleze wapangaji mapema vihisi hivyo vinarekodi nini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu nao pia.

Unapopima matokeo, linganisha yuniti wala si shilingi, kwa sababu tozo ya gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni hubadilisha bili hata kama matumizi hayakubadilika.

Swali: Nina hosteli ya wanafunzi Nakuru. Je, ushauri wa viyoyozi unanihusu?
*Mwenye hosteli, Nakuru*

Jibu: Haukuhusu sana. Nakuru iko juu zaidi na asubuhi zake ni za baridi, hivyo tafuta upotevu wako kwenye maji ya moto. Kihisi cha joto tangini pamoja na saa ya kuwasha boila kabla ya muda wa kuoga vitakusaidia, lakini usihifadhi maji chini ya nyuzi 60, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia, hustawi katika maji ya vuguvugu.

Swali: Huku Kakamega umeme na intaneti hukatika mara kwa mara. Mfumo wa namna hii utafanya kazi?
*Mhasibu wa shule, Kakamega*

Jibu: Utafanya kazi ikiwa maamuzi yanafanyika ndani ya jengo lenyewe, wala si kwenye seva iliyo ng'ambo. Kabla ya kutia sahihi, mwombe muuzaji achomoe waya wa intaneti mbele yako, uone kama taa na viyoyozi vinaendelea kufuata ratiba. Kisha azime na kuwasha umeme, uone kama kila kifaa kinarudi katika hali salama bila fundi kuitwa. Hakikisha swichi za ukutani zinabaki zikifanya kazi, na ubadilishe nywila iliyotoka kiwandani siku hiyohiyo.