Ukifungua riwaya, dhamira iache shuleni

Mwaka jana nilikwenda Morogoro kumsaidia mama kuhama nyumba. Chini ya sanduku la bati nikakuta nakala yangu ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, ileile niliyofanyia mtihani wa kidato cha sita. Jalada limeng'oka, na nyuma kuna hesabu za nauli. Pembeni mwa kila ukurasa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Ukombozi". "Ndoa ya kulazimishwa". "Tashibiha". Nikakaa juu ya godoro lililokwisha kufungwa kamba, nikaanza kusoma. Mama aliniita mara tatu ndipo nikasikia.

Kumbe kitabu kile sikuwahi kukisoma, nilikichambua tu. Kwenye daftari langu Mwajuma aliandikwa "mhusika mdogo, mkarimu", basi. Safari hii nilipofika pale Yasmin anapomkimbia mumewe, Bwana Raza, nduguze wanamkataa na Mwajuma anampokea kwake Ng'ambo, mjini Unguja, nilimkumbuka shoga yangu mmoja aliyenipa nusu ya kitanda chake miezi minne nilipofukuzwa kazi. Mtu wa namna hiyo utamwita mhusika mdogo?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu mzima anayetaka kurudi kwenye riwaya ni kuacha kuuliza "mwandishi anatufundisha nini?" Swali hilo lilitupa alama na likatuharibia kusoma. Soma kama unavyosikiliza umbea wa jirani: nani kafanya nini, na kwa nini, na wewe ungefanyaje.

La pili nimelilipia mwenyewe. Niliporudi Dar na hamu yangu, mtu akaniambia kilele cha riwaya ya Kiswahili ni Nagona ya Kezilahabi, nikakinunua. Kitabu chembamba, unaweza kukimaliza kwenye foleni ya benki, nikajisemea. Nilikianza mara tatu na mara zote tatu niliishia kurasa za mwanzo, sijui nani anaongea wala tuko wapi. Nikajiona mjinga na nikakaa miezi miwili bila kugusa kitabu chochote. Kilichonirudisha ni Bwana Msa na kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960. Nilikisoma kwenye mwendokasi nikapitiliza kituo. Kwa hiyo usione haya kuanzia huko, au kwa Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Walimu wetu waliviita vitabu vya kupoteza muda, nami naona ndivyo vilivyowafundisha Watanzania wengi kufungua ukurasa wa pili. Nagona nimeirudia baadaye. Bado siielewi yote, ila sasa hainitishi.

Na kitabu kikikushinda, kiweke. Hakuna anayesahihisha.

Kuhusu maneno: waandishi wa Visiwani wana msamiati wao. Ukikuta tungule, ni nyanya. Mengine yaache yapite, utayajua kwa kuyazoea, kama ulivyojua lugha yenyewe kabla hujaiona kamusi. Mimi kamusi naifungua sura ikiisha, na mara nyingi nakuta neno nililoliandika nimeshalielewa.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kupata watu wa kubishana nao. Tuko watano kazini. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana kwangu, chai ya tangawizi na vitumbua, na kila mtu awe amemaliza kitabu au aseme ukweli kwamba hakumaliza. Mwezi wa pili tulisoma Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Nilidhani tutazungumza kistaarabu. Jamaa wa uhasibu, baba wa mabinti wawili, akasema Zakaria, baba yake Rosa, pamoja na pombe zake zote, alikuwa na haki ya kumchunga mwanawe.

"Kaka, alimchunga au alimpiga?" nikamuuliza.

"Dada, wewe huna mtoto wa kike. Ngoja."

Mama mmoja wa mapokezi, mwenye umri wa kutuzaa, alikuwa kimya muda wote anaokota makombo ya kitumbua kwenye kanga. Akasema taratibu kwamba kwao nao baba alikuwa hivyo, na dada yake mkubwa alipofika bweni ndiyo kwanza akajua mvulana anaongeaje. Hakumalizia. Jamaa wa uhasibu akajimiminia chai ambayo hakuinywa. Wiki iliyofuata akaniambia, tukiwa kwenye ngazi, kwamba amewanunulia mabinti simu. Sikumuuliza inahusiana vipi.

Saa hizi tunayo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Wawili wetu waliisoma Kiingereza baada ya Gurnah kupewa Nobeli mwaka 2021, na wanaringa. Mimi naanza na Kiswahili na wala sijutii: mtoto Yusuf anapowekwa rehani kwa deni la baba yake, neno lenyewe "rehani" nalijua tangu utotoni, redio yetu iliwekwa rehani dukani na haikurudi. Jamaa wa uhasibu anasema kitabu kinakwenda polepole. Yuko sura ya pili. Nimemwambia asilete hukumu mpaka msafara uingie bara.

Mwezi ujao ni Kuli ya Shafi Adam Shafi, kama mama wa mapokezi atakubali kuazima nakala yake. Ile ya mwisho aliyoniazima niliirudisha na doa la chai ukurasa wa tisini, na bado hajalisahau.