Kabla hujamwita Mkenya mkorofi au Mtanzania mwoga

Ukifanya kazi mpakani, siasa huziepuki. Mimi ni mtu wa Arusha, natoa mizigo Namanga, na wengi ninaokula nao mchana ni Wakenya. Tangu Juni 2024, vijana wa kule walipoupinga Muswada wa Fedha mpaka wakaingia bungeni, mabishano ni yale yale. Sisi tunasema wao ni watu wa fujo, wao wanasema Wabongo tunaogopa kivuli chetu. Kisha kila mtu anarudi kwenye makaratasi yake amenuna.

Ukitaka mazungumzo hayo yafike mahali, acha kujadili hulka ya taifa zima. Uliza mwenye malalamiko alikuwa na mlango gani wa kubisha. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 37, inampa mtu haki ya kuandamana kwa amani, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu yao ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Kwetu, ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Nilimwonyesha kifungu hicho kwenye simu dereva mmoja wa Kitengela, mtu mzima, sote tunamwita mzee. Alikisoma, akarudia, akavua miwani.

"Sasa nyinyi mkiibiwa kura mnaenda kwa nani?"

Nikamwambia swali hilo tunalo miaka mingi. Sijamsikia tena akitutania kwa uoga.

Historia nayo inasaidia, ilimradi usiisome ya upande mmoja. Chukua Sabasaba. Kwa Mtanzania ni siku iliyozaliwa TANU, 1954, na siku hizi ni maonyesho ya biashara: unakwenda na watoto, mnakula, mnarudi na ndoo mpya. Kwa Mkenya ni Julai 7, 1990, watu walipotoka kudai vyama vingi huku wanasiasa Matiba na Rubia, waliokuwa wakidai hivyo, wakiwa wameshatiwa kizuizini. Sisi vyama vingi vilitufikia kupitia Tume ya Jaji Nyalali: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilishwa. Kwa hiyo Mkenya amejifunza kwamba mabadiliko hupatikana kwa kusukuma, Mtanzania amezoea kusubiri wakubwa wakae kikao. Hayo ni mazoea, hayamo kwenye damu.

Na mazoea huvunjika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, Watanzania nao waliingia barabarani. Intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na baadaye tume ikatangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Wenzangu wa Kenya, wale wale wa kutucheka, ndio waliokuwa wakipiga simu kuuliza kama nyumbani kuna unga. Wanajua gharama yake, kwani Juni 2024 na wao walizika vijana waliopigwa risasi. Usimsifie jirani ujasiri kana kwamba ni bure.

Jambo moja bado linatugawa pale mezani. Mei 2025 Wakenya wawili, mwanasiasa Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, walikuja Dar kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wetu wa upinzani, wakarudishwa kwao. Watanzania kadhaa walisema safi, wasituingilie. Mimi sikubaliani nao. Kukaa kwenye benchi la mahakama ya wazi ukasikiliza si kuingilia nchi ya mtu. Kuja kutupangia nani atutawale, hapo nitakuzuia hata mimi. Ukizungumza na mgeni, mwekee mpaka huo mapema, na wewe uuheshimu ukivuka kwake.

Mabishano yakipamba moto siku hizi nauliza: ungeruhusiwa kuiba kitu kimoja cha upande wa pili, ungeiba nini? Watanzania wengi hutaja ile mahakama ya 2017. Mzee wa Kitengela, aliyeyaona kwa macho yake machafuko ya baada ya uchaguzi wao wa 2007, alisema angeiba ile hali ya kukaa na mtu miaka bila kujua kabila lake. Kijana mmoja wa Kajiado alisema angeiba bei yetu ya mchele, wala hakuwa anatania.