Kutafuta mahali gesi inapovuja kwenye karavani

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba harufu ya gesi husikika karibu na friji inayotumia gesi katika karavani yako (nyumba ya kukokotwa na gari) hata jiko likiwa limezimwa, kwanza funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha yote, na usiguse swichi yoyote mpaka harufu iishe, kwani propani, yaani gesi iliyo mtungini, ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ambako cheche ndogo hutosha kuiwasha.

Baadaye, kila moto ukiwa umezimwa, fungua valvu polepole, kisha upake maji ya sabuni isiyo na amonia kwenye kila kiungio, kuanzia regulata (kifaa kinachopunguza presha ya gesi) na mpira wa mtungini, ambao hufanya nyufa nyembamba karibu na nati, hadi nyuma ya friji kupitia kidirisha cha nje, kwa sababu mtikisiko wa safari hulegeza nati za huko. Mapovu yanayokua taratibu yatakuonyesha panapovuja. Kiberiti kisitumike kamwe, ingawa wapo wanaokisifu.

Ukipaona, funga gesi, kaza nati kwa spana mbili, moja ikizuia bomba lisijipinde, kisha upime tena. Mapovu yasipoonekana na harufu ikabaki, acha mtungi umefungwa na umwite fundi wa gesi apime presha ya mfumo mzima, maana huenda kasoro imo ndani ya valvu ya friji, ambako sabuni haifiki.