Baiskeli ya mtindo wa mbio za mbao: chagua mota kabla ya kugusa fremu

Mkuu, umesema una Phoenix ya 28 yenye bomba mbili juu, unataka ifanane na pikipiki za mbio za Marekani za miaka ya 1910, na bado hujaamua kati ya injini ya "80" (ile ndogo ya petroli ya kufunga kwenye baiskeli, inayouzwa kama cc 80) na mota ya umeme. Amua hilo kwanza. Mota ndiyo itakayopanga upana wa nyuma, idadi ya spoku, rimu na hata breki. Ukianza na rangi utaikwangua tena.

Fremu uliyonayo ni bahati. Pikipiki zilizokimbia kwenye viwanja vya mbao, kama ule wa Playa del Rey, Los Angeles, uliofunguliwa 1910, nyingi zilikuwa na tangi jembamba kati ya bomba za fremu mbele ya siti, usukani ulioshuka kuliko siti, na matairi membamba. Tangi likikaa kati ya hizo bomba mbili na usukani ukishuka, sura imeshapatikana. Hazikuwa na breki kwa kuwa uwanjani hakuna anayekatiza. Barabara ya Kilwa hapa Dar ina bodaboda, bajaji na watu wanaovuka popote, kwa hiyo hapo usiwaige.

Breki zenyewe zina mtego. Ukigeuza usukani juu chini, breki za vyuma hazifanyi kazi tena, maana vyuma vyake vimefungwa kwenye usukani. Wengi hukimbilia breki za waya zinazobana ubavu wa rimu, lakini rimu ya Phoenix ina ubavu wa mviringo na mpira wa breki haupati pa kushika. Weka habu ya mbele yenye breki ya ngoma.

Injini ya "80" kihalisia ni takriban cc 66. Ni rahisi kufunga, ina sauti, na kwa macho inafaa kabisa. Tatizo lake ni mtetemo: bolti za kuifungia hukatika, na sproketi yake hubanwa kwenye spoku kwa mipira, ikikaa upande kidogo inakata spoku moja baada ya nyingine. Hatari kubwa ni kile kigurudumu cha kukaza cheni. Kikilegea huzunguka kwenye bomba, huingia kwenye spoku, na tairi la nyuma hufunga ghafla. Kama bado unaitaka, nyoosha mstari wa cheni na uifupishe mpaka kigurudumu hicho kisihitajike, changanya oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwenye petroli kwa kipimo alichoandika mtengenezaji wa injini, na ulizia TRA (mamlaka ya mapato) suala la usajili kabla ya kununua.

Mimi kwa Dar nasema umeme, mota ya nyuma ya volti 48, wati 500. Ile isiyo na gia ndani ni pana, na kwa mbali inaonekana ni ngoma ya breki ya zamani. Lakini kama unapanda Goba au Kimara kila siku, chukua yenye gia, maana ile nyingine hupata moto sana kwenye mwinuko wa polepole.

Sasa vipimo. Mota nyingi zina matundu 36 ya spoku, rimu ya nyuma ya Phoenix mara nyingi ina 40. Nunua mota iliyokwisha fungwa kwenye rimu, ila ujue "28" ya kisasa ni milimita 622 pale tairi linapokaa, ya Phoenix ni 635, na matairi hayabadilishani. Weka 622 mbele na nyuma. Mota inataka upana wa milimita 135 na Phoenix ina kama 110 hadi 120. Chuma kinapanuka kwa kuvutwa bila moto, kila upande sawa. Kagua kwa uzi: utoke nyuma upande mmoja, uzunguke bomba la usukani, urudi nyuma upande wa pili. Umbali kutoka uzi hadi bomba la siti ulingane kushoto na kulia.

Bateri itakaa ndani ya tangi la bati. Ya seli 52 za 18650 (seli za duara, kipenyo milimita 18, urefu 65), 13 kwa 4, zikilazwa kukatiza upana, huchukua takriban sentimita 25 kwa 8, unene 7. Ongeza nafasi ya BMS (saketi ya kulinda bateri) na sponji. Pima pengo la bomba zako kwa boksi la karatasi ngumu, kisha mpelekee fundi wa Gerezani akate tangi kwa bati la milimita 1. Toboa tundu chini la kutolea maji, paka rangi ndani pia kwa sababu ya chumvi ya bahari, na ukitoka juani acha bateri ipoe kabla ya kuchaji.

Usiruke kabari ya ekseli: pleti ya chuma ya milimita 6 yenye tundu linalobana ekseli barabara, ifungwe kwenye bomba la nyuma. Mdomo wa fremu ya Phoenix, pale ekseli inapokaa, ni mwembamba. Bila pleti hiyo ekseli hujizungusha, inakata waya zake na kuunguza kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota). Kaza nati tena baada ya kilomita 5, na spoku baada ya 50.